Jinsi ya Kumuunga Mkono Mpigania Uhuru Aliyekwenda Mezani

Mwongozo huu ni wako, ndugu mwana kijiwe wa Kariakoo. Una fulana yenye picha ya Samora, una kitambaa cha Palestina, hukosi pale Mnazi Mmoja mtu akihutubia, na ukishaketi kwenye benchi la kahawa hunyanyuki mpaka bara zima liwe limekombolewa. Nakupongeza, na napongeza kwa moyo mmoja. Watu wa aina yako waliubeba mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu Kamati ya Ukombozi ya OAU ilipoweka makao yake Dar es Salaam mwaka 1963 hadi ilipofungwa mwaka 1994. Wakati wa vita unajua cha kufanya: unachanga, unaimba, unamlaani mkoloni. Taabu inaanza siku redio inapotangaza kwamba wale unaowapenda wamepanda ndege kwenda kuzungumza naye. Siku hiyo watu wema wengi hufanya mambo ya hovyo. Mmoja anaacha kuchanga akidhani kazi imekwisha, mwingine anawaita wenzake wasaliti kabla ndege haijatua. Kwa siku hiyo, fuata yafuatayo.

Anza kwa kurudisha kikombe kwenye sinia na kuuliza wanazungumza juu ya nini. Usiulize kwa nini wanazungumza, uliza juu ya nini. Majirani zako wa zamani waliijua vizuri tofauti hiyo. Toka Mnazi Mmoja uingie Mtaa wa Nkrumah: huko ndiko FRELIMO walikuwa na ofisi yao, nao ni chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji kilichoundwa katika mji huu tarehe 25 Juni 1962. Rais wao wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa. Miaka mitano baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi wa Ureno wakaipindua serikali yao wenyewe kule Lisbon, na dunia ikawapigia makofi. Kila aliyetaka amani ya haraka alimhimiza Samora Machel, aliyekuwa sasa akiongoza FRELIMO, asitishe mapigano kwanza, mengine yatafuata. Mapema Juni wakakutana Lusaka. Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, alimkumbatia Samora mbele ya wapiga picha. Samora akakubali kukumbatiwa. Kusitisha mapigano hakukubali.

Alikuwa na madai matatu: Ureno itamke kwamba Msumbiji ina haki ya uhuru kamili, iitambue FRELIMO kuwa msemaji wa watu wa Msumbiji, na ikubali kukabidhi madaraka. Pasipo hayo, kunyamazisha bunduki kungekuwa kumpa askari wa Kireno likizo. Mwezi Julai wapiganaji wakafungua tena uwanja wa vita Zambezia. Mwishoni mwa mwezi huo, na tena katikati ya Agosti, Samora na Melo Antunes, mmoja wa maofisa walioongoza mapinduzi ya Lisbon, walikutana kwa siri Dar es Salaam. Saini zikawekwa Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru ukaja tarehe 25 Juni 1975, miaka kumi na tatu kamili tangu chama kizaliwe.

Wewe ni mtu wa Kariakoo, kwa hiyo hili lisikutatize. Katika Mtaa wa Kongo hakuna anayemwona muuzaji kuwa msaliti kwa sababu amekubali kupatana bei. Kinachoangaliwa ni kama ametoa mzigo nje ya kaunta kabla fedha haijahesabiwa. Samora alipatana bei kwa miezi mitatu, mzigo ukiwa mkononi mwake. Ukisikia wenzako wamekwenda mezani, angalia mzigo uko wapi. Makofi au machozi yatapata nafasi yake baadaye.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linamgusa mtu tunayempenda. Mwenye kufadhili vita anaweza kuanza kujiona ndiye mwenye vita. Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, akapoteza mkopo wa pauni milioni saba na nusu, na hakutikisika. Hakuna anayeweza kumfundisha uchungu wa ukombozi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1974 marais wa nchi jirani, yeye akiwamo, waliingia katika mpango ambao Kenneth Kaunda wa Zambia alikuwa ameupanga na John Vorster wa Afrika Kusini. Ian Smith, mtawala wa Rhodesia, angewafungua viongozi waliokuwa gerezani, akina Joshua Nkomo, Ndabaningi Sithole na Robert Mugabe. Wazalendo nao wangeungana chini ya Askofu Abel Muzorewa na kusitisha vita. Viongozi wa ZANU, chama cha Sithole na Mugabe, waliokuwa uhamishoni walisema mpango huo una sumu. Walisukumwa wakatia saini.

Aliyeupinga sana alikuwa Herbert Chitepo. Mji huu ulimjua. Tanganyika ilipopata uhuru alikuja kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali yetu, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, kisha akaacha kazi nzuri akaenda Lusaka kuongoza vita vya nchi yake. Tarehe 18 Machi 1975 bomu lililotegwa kwenye gari lake lilimuua. Zambia ikawakamata viongozi wa ZANU na wapiganaji wao kwa mamia, na vita vikafifia. Tarehe 25 Agosti Smith na wazalendo wakakaa ndani ya behewa la treni lililosimamishwa juu ya daraja la Victoria Falls, Vorster na Kaunda wakiwa wasimamizi. Mazungumzo yakavunjika mara moja. Smith hakuwa na sababu ya kutoa chochote, kwa sababu marafiki wa wazalendo walikuwa wameshamwondolea vita bure.

Waliosema basi walikuwa vijana waliokuwa kwenye kambi ya Mgagao, mkoani Iringa. Oktoba 1975 maofisa wa jeshi la ZANU pale Mgagao waliandika waraka wakawakana Muzorewa na Sithole, wakasema watarudi vitani, na wakamtaja Mugabe kuwa mtu ambaye wangekubali awasemee. Waraka huo waliukabidhi kwa Kamati ya Ukombozi, kwa Katibu Mtendaji wake Hashim Mbita. Jiweke mahali pa Mbita siku hiyo. Wageni wako, wanaokula chakula chako na kulala ndani ya mipaka yako, wanakuambia kwamba mpango wa rais wako ni mbovu. Mbita hakuutupa waraka ule kapuni, aliufikisha. Mwalimu na Samora wakasikiliza, na Januari 1976 vita vikaanza upya. Nasema wazi kwamba Mwalimu alikosea mwaka 1974, na kwamba ukubwa wake mwaka 1975 ulikuwa kuwasikiliza vijana wa Mgagao kuliko marais wenzake. Hapa Kariakoo, wakati ule, watu walikuwa wakisubiri soko jipya la Beda Amuli lifunguliwe, na lilifunguliwa Desemba ya mwaka huo wa 1975. Naamini wengi hawakupata habari kwamba jambo kubwa zaidi la mwaka lilikuwa limefanyika Iringa, kwa kalamu.

Basi kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayepigana ndiye anayejua kama apumzike au aendelee, na hilo linakata pande zote mbili. Kama wamechoka na wanataka kuzungumza, usiwaambie waendelee kufa ili wewe upate cha kujivunia. Kama wanataka kuendelea, usiwafungie njia ili serikali yako ipate usingizi. Naongeza sehemu ya hadithi hii ambayo tunapenda kuiruka: wale maofisa vijana walioungana kuendesha vita mwaka 1976 walikataa mkutano wa Geneva wa mwisho wa mwaka huo, na Januari 1977 viongozi wao wakuu walitiwa ndani kule Msumbiji, kwa matakwa ya wakubwa wale wale waliobebwa na waraka wa Mgagao. Walitendewa vibaya, na marafiki wa ukombozi hatukupiga kelele.

Usiwachagulie wenzako chama. Najua utaniambia kwamba Dar es Salaam ilikuwa na vyama vyake iliyovipenda, na kwamba ZANU walionekana moto kuliko ZAPU ya Nkomo, na vijana wa Chuo Kikuu waliosoma Fanon na kumsikiliza Walter Rodney walikuwa na hoja nzito za kumpima nani ni mwanamapinduzi wa kweli. Hoja zile nazithamini. Kizazi kile kilifikiri kwa bidii ambayo leo sisi hatuna. Lakini angalia kilichotokea pale mahaba ya chama yalipozidi. Mwaka 1976 wapiganaji wa ZAPU na wa ZANU waliwekwa pamoja katika kambi za Tanzania ili wawe jeshi moja, na watu wa ZAPU wakauawa na wenzao, Mgagao na Morogoro. Juni 1979 David Sibeko, mmoja wa viongozi wa PAC ya Afrika Kusini, alipigwa risasi hapa Dar es Salaam na watu wa chama chake mwenyewe. Ugomvi huo hatukuuanzisha sisi, ila mgeni anayechochea moto ndani ya nyumba ya watu hana budi kujua kwamba ndani wamo watoto.

Mazungumzo yakianza, ongeza mchango. Kanuni hii ndiyo inayovunjwa zaidi, kwa sababu mtu akiona picha za viongozi wakipeana mikono anadhani sasa fedha zinatoka kwingine. Mezani mtu husikilizwa kwa uzito wa kilicho nyuma yake. Mwaka 1979, Patriotic Front ya Mugabe na Nkomo ilipokuwa mezani London, Tanzania ilikuwa hoi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mkanda kwa miezi 18, sukari na sabuni zilitafutwa kwa foleni. Bado kambi hazikufungwa. Redio Tanzania iliendelea kuvipa vyama vya ukombozi nafasi hewani kuzungumza na watu wao. Kule Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo serikali iliwapa ANC ya Afrika Kusini mwaka 1977, shule ilikuwa ikijengwa. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye makaburu walimnyonga Aprili ya mwaka huo wa 1979. Shule haipigi risasi, lakini mtu wa mezani akijua kwamba watoto wake wanasoma na wapiganaji wake wanakula, hashurutishwi na njaa kutia saini.

Tena, siku mapigano yanaposimama ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Namibia ilipangiwa kusitisha mapigano tarehe 1 Aprili 1989. Asubuhi hiyo wapiganaji wa SWAPO walikuwa kaskazini mwa nchi yao, wengi wakidhani watapokewa na maofisa wa Umoja wa Mataifa. Waliokutana nao ni polisi na majeshi ya Afrika Kusini, na katika siku chache wakauawa kwa mamia. Ukipanga kufanya sherehe ya amani pale Mnazi Mmoja, ifanye mwezi mmoja baada ya tarehe iliyoandikwa. Mwezi huo wote utumie kupiga simu na kuuliza watu wako wapi.

Sasa tufike kwenye karatasi. Naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mkutano huo wa London, wa Lancaster House, ulianza tarehe 10 Septemba 1979, Lord Carrington wa Uingereza akiwa kitini. Oktoba ulikaribia kuvunjika. Sababu haikuwa bendera wala kura. Ilikuwa ardhi. Katiba iliyoletwa na Waingereza ilisema kwamba kwa miaka kumi serikali mpya haiwezi kuchukua shamba la mlowezi isipokuwa kwa kulinunua, na kwa kawaida kutoka kwa mwenye kutaka kuuza. Mugabe na Nkomo walikuwa wamepigania nini basi? Watu wao waliingia msituni kwa sababu ya mashamba hayo. Wakaambiwa kwamba Uingereza na Marekani zitasaidia kutoa fedha za kununulia. Iliahidiwa kwa mdomo, kiasi hakikuandikwa. Samora, ambaye nchi yake ilikuwa ikipigwa mabomu na ndege za Rhodesia kila kukicha, alimfahamisha Mugabe kwamba hawezi kuendelea kubeba vita baada ya nafasi hii. Saini zikawekwa tarehe 21 Desemba. Katika uchaguzi wa Februari ZANU ikapata viti 57 kati ya mia, chama cha Nkomo 20, Muzorewa vitatu, na 20 vikabaki vya wazungu kama katiba ilivyoagiza. Tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru, na hapa mjini tulicheza ngoma.

Simlaumu Samora. Nchi yake ilikuwa inakufa, na mtu aliyekatwa mguu kwa ajili yako ana haki ya kukuambia anaumwa. Siwalaumu waliotia saini pia. Ninaowalaumu ni sisi tuliocheza ngoma halafu tukalala. Palikuwa na kazi moja tu iliyobaki, ya kuidai ahadi ile ya mdomo mwaka baada ya mwaka, hapa na London, mpaka iandikwe. Marafiki wa ukombozi wa Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa mrengo wa kushoto kule Ulaya, walikuwa na mdomo na muda wa kuifanya. Miaka kumi ya katiba ikapita. Uingereza ilitoa fedha kiasi, kisha mkono ukawa mzito. Tarehe 5 Novemba 1997 Clare Short, waziri wa misaada katika serikali ya chama cha Labour iliyokuwa imeingia madarakani mwaka huo, alimwandikia waziri wa kilimo wa Zimbabwe, Kumbirai Kangai, kwamba Uingereza haioni kuwa ina wajibu wa pekee wa kugharimia ununuzi wa ardhi. Serikali yao ni mpya, alieleza, haina uhusiano na maslahi ya wakoloni wa zamani. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe asili yake ni Ireland, na Waairishi walitawaliwa, hawakutawala.

Soma tena maneno hayo. Waziri wa Uingereza alichukua mateso ya watu wa Ireland akayafanya kinga ya kutolipa deni la Uingereza. Serikali inayorithi hazina hurithi na madeni yake, hata kama babu wa waziri alilima viazi Armagh. Miaka mitatu haikupita, mashamba yakaanza kuvamiwa, na kilichofuata Zimbabwe kila mtu anakijua.

Ireland yenyewe inatufundisha namna bora zaidi, ndiyo maana naileta Kariakoo. Miezi mitano tu baada ya barua ile, tarehe 10 Aprili 1998, makubaliano ya Ijumaa Kuu, ya kumaliza vita vya Ireland Kaskazini, yalifikiwa Belfast. Wapo watu wa kushoto London, waliounga mkono vita vya Waairishi wakiwa kwenye baa zenye joto, waliowaita viongozi wa Waairishi walioketi mezani, Gerry Adams na Martin McGuinness, wasaliti. Waafrika Kusini walifanya vingine. Undugu wao na Waairishi ulikuwa wa zamani na haukuwa wa maneno: Kader Asmal, aliyeanzisha harakati za kupinga ubaguzi kule Dublin mwaka 1964, ameandika kwamba watu wa IRA, wapiganaji wa Kiairishi, waliwasaidia wapiganaji wa ANC kuandaa shambulio la mitambo ya mafuta ya Sasolburg la mwaka 1980. Kwa hiyo ANC walikuwa na haki ya kuingia ndani, na waliingia: walikwenda hadi gereza la Maze kukaa na wafungwa wa IRA na kuwasimulia jinsi wao walivyozungumza na makaburu bila kuwaacha wanachama wao nyuma. Maana kikwazo kikubwa cha kiongozi aliyekwenda mezani si adui aliye mbele yake tu. Ni wenzake waliofungwa, wajane, na kijana ambaye kaka yake alikufa mwaka jana. Mwezi Mei watu wakapiga kura pande zote mbili za mpaka, asilimia 71 kaskazini na 94 kusini wakakubali. Mwaka 2000 Cyril Ramaphosa akaenda pamoja na Martti Ahtisaari wa Finland kukagua maghala ya silaha za IRA, ili upande wa pili uamini kwamba hazitumiki. Mshikamano wa namna hiyo una faida: haukuambii upigane, haukuambii uache, unakuja na uzoefu wake na unakubali kushika kazi ngumu inayohitaji mtu wa kuaminika.

Itakuja pia siku ambayo rafiki yako atatia saini karatasi mbaya waziwazi. Tarehe 16 Machi 1984 Samora alitia saini na P. W. Botha wa Afrika Kusini kando ya mto Nkomati, akaahidi kwamba ANC haitapitia kwake. Iliuma. Lakini Msumbiji ilikuwa na ukame, waasi wa RENAMO walikuwa wakichoma shule na hospitali, na Pretoria haikuheshimu saini yake hata kidogo. Siku ya namna hii tafuta njia ya kumpunguzia rafiki mzigo uliomwinamisha. Wapiganaji wa ANC waliotolewa Msumbiji wengine walipokewa Tanzania, na baadaye askari wetu wakaenda Msumbiji kupigana na RENAMO bega kwa bega na FRELIMO. Hayo ndiyo majibu ya Nkomati niliyo na fahari nayo.

Kuna jambo ambalo miongozo ya zamani haikuliandika. Aliyekuwa mpigania uhuru akishakaa ikulu, fulana yenye picha yake isikuzibe macho. Tangu mwaka 1983, kikosi cha Tano cha jeshi la Zimbabwe kiliua maelfu ya watu Matabeleland, wengi wao raia wa vijijini waliohesabiwa kuwa watu wa Nkomo. Operesheni ile iliitwa Gukurahundi. Mauaji yalianza miaka mitatu tu baada ya ngoma zetu, na Dar es Salaam ilikaa kimya, chama, chuo kikuu na vijiwe vyote pamoja. Tulisema ni mambo ya ndani. Tuliogopa kumfurahisha Botha. Lakini wale waliouawa walikuwa ndugu wa watu tuliowalisha, baadhi ya watoto wao walipita Tanzania wakiwa na bunduki za uhuru, na hakuna hoja ya mapinduzi inayoweza kumwambia mama wa Tsholotsho kwamba mwanawe alikufa kwa ajili ya mshikamano. Kama wewe ni rafiki, unaongea na rafiki yako akiwa na damu mikononi, na unaongea kwa sauti ambayo na wengine wataisikia.

Leo, ukitaka mahali pa kuanzia mazoezi, anza na Sahara Magharibi. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Kiarabu ya Sahrawi mwaka 1978. Mwaka 1991 Polisario, wapigania uhuru wa nchi hiyo, walinyamazisha bunduki kwa ahadi ya Umoja wa Mataifa kwamba watu wao watapiga kura ya kuchagua uhuru au Morocco. Kura ilipangwa ifanyike mwanzoni mwa mwaka 1992. Haijafanyika. Novemba 2020 mapigano yakarudi. Huu ndio mfano kamili wa mzigo kutolewa nje ya kaunta kwanza. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI alikuja Dar es Salaam, akatupa ahadi, na msikiti mkubwa ukajengwa Kinondoni. Msikiti ni wa kuswali, kaswali na umwombee dua kila aliyeujenga. Ukitoka, panda daladala urudi Kariakoo, uandike barua kwa mbunge wa Ilala. Mwombe amuulize Waziri wa Mambo ya Nje bungeni, kwa maandishi, kama msimamo wa mwaka 1978 bado ndio msimamo wetu, na kama ndio, Tanzania imeidai kura ya Sahara wapi, lini mara ya mwisho, na kwa maneno gani. Barua hiyo iwe na majina ya wana kijiwe wote, na saini zao. Baada ya miezi mitatu, kama jibu halijaja, andika nyingine.